Kiungo Badala ya Kiambatisho: Njia ya Kushirikiana Nyaraka za Shule

UTANGULIZI

Kazi ya mwalimu haiishii mbele ya ubao. Nyuma ya kila kipindi kuna azimio la kazi, andalio la somo, daftari la mahudhurio, orodha ya alama, taarifa kwa wazazi na mitihani ya majaribio. Zamani nyaraka hizi ziliandikwa kwa mkono, au zilipigwa chapa juu ya stensili, zikarudufiwa na kugawiwa. Siku hizi sehemu kubwa yake hupitia katika simu na vishikwambi. Hapa Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha. Hivyo hata mwalimu wa shule ya kijijini huweza kujikuta ana chombo cha kuandikia na kupelekea nyaraka mkononi mwake.

Chombo kimebadilika, lakini desturi haijabadilika. Walimu wengi wanaendelea kupeleka waraka kwa simu kama walivyokuwa wakigawa karatasi: kila mtu na nakala yake. Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mwanafunzi njia nyingine, ambayo ni kuuacha waraka mahali pamoja na kuwapelekea watu kiungo cha kuufikia. Tutaeleza tofauti ya njia hizi mbili, uwezo na upungufu wa kila moja, na mwisho tutaonyesha jinsi dhana hii inavyoweza kufundishwa darasani hata pale pasipo kompyuta wala umeme.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba jambo hili si la mitambo tu. Ni jambo la dhamana. Mzazi anapomwandikisha mtoto wake shuleni, humkabidhi mwalimu mtoto pamoja na habari zake: umri wake, afya yake, hali ya nyumbani kwao, na jinsi anavyofanya katika masomo. Habari hizo zikiisha kutoka mkononi mwa mwalimu, nani anajua ziliko?

KIAMBATISHO NA ASILI YAKE

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilipelekwa mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani aitwaye Ray Tomlinson. Kwa miaka mingi baada ya hapo barua hizo zilibeba maandishi matupu. Mnamo mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitengeneza kanuni zilizowezesha picha, sauti na mafaili ya namna nyingine kufungwa pamoja na barua. Mwezi wa Machi mwaka huo Borenstein alipeleka barua yenye picha ya kikundi chake cha waimbaji pamoja na sauti ya wimbo wao. Tangu wakati huo kiambatisho kimekuwa jambo la kawaida, na programu za kupashana habari kwa simu zimeiendeleza desturi hiyo hiyo.

Maana ya kiambatisho ni nyepesi kueleweka. Mtumaji anachukua faili lake, na kila mpokeaji anapata nakala kamili ya faili hilo. Baada ya hapo nakala ya mpokeaji haina uhusiano wowote na ile ya mtumaji. Ni kama karatasi iliyorudufiwa: mwenye nayo anaweza kuiandika juu, kuikata, kumpa jirani au kuitupa, na aliyeirudufisha asijue lolote.

KASORO ZA KIAMBATISHO

(a) Wingi wa nakala zisizolingana

Tuchukue mfano wa mwalimu wa taaluma anayepeleka azimio la kazi kwa walimu kumi. Siku ya pili anagundua kwamba juma la likizo fupi limehesabiwa kuwa juma la masomo. Anasahihisha na kupeleka tena. Siku ya nne mwalimu mmoja anaongeza mada iliyosahauliwa katika nakala yake mwenyewe, na kuipeleka kwa wenzake watatu tu. Juma halijakwisha, shule moja ina maazimio matatu yaliyo tofauti, na kila moja linaitwa “azimio la mwisho”. Mwalimu anayefuata nakala ya kwanza si mvivu wala mkaidi. Anafuata waraka aliopewa. Mwishoni mwa muhula wanafunzi wake wanakutana na swali ambalo hawakufundishwa, na hasara hiyo ni yao.

(b) Kutorudishika

Maji yakimwagika hayazoleki. Kiambatisho kikishapokelewa hakirudi. Huduma ya barua pepe ya Gmail, kwa mfano, humpa mtumaji nafasi isiyozidi sekunde 30 ya kutengua barua aliyoipeleka. Programu ya WhatsApp nayo huruhusu ujumbe ufutwe kwa watu wote katika muda maalumu, lakini faili ambalo mtu amekwisha kulihifadhi au kumpelekea mwingine halifutiki kwa njia hiyo. Basi fikiria orodha ya alama yenye majina kamili ya watoto, na pembeni mwa kila jina maneno ya mwalimu kama vile “hana sare”, “baba hayupo”, au “anaugua mara kwa mara”. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya kumsaidia mtoto. Ikipelekwa kwa makosa katika kundi la wazazi, mtoto huyo ataisikia tena uwanjani kutoka vinywani mwa wenziwe.

(c) Ukubwa

Kiambatisho kinachopita katika barua pepe hugeuzwa kwanza kuwa herufi, na katika kugeuzwa huko huongezeka ukubwa kwa kiasi cha theluthi moja. Gmail hairuhusu barua yenye viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Kadhalika, faili la megabaiti 4 likipelekwa kwa watu 40 hujaza nafasi ya megabaiti 160 katika masanduku yao kwa jumla. Likisahihishwa na kupelekwa mara tatu, hesabu hiyo inafika megabaiti 480, na theluthi mbili yake ni nakala zisizofaa tena.

(d) Hatari ya kubebewa kisichotakiwa

Mwezi wa Mei mwaka 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kwa siku chache kikiwa kimejificha katika kiambatisho kilichofanana na barua ya mapenzi. Kila aliyekifungua aliharibiwa mafaili yake, na kompyuta yake ikakipeleka kwa watu wote waliokuwa katika kitabu chake cha anwani. Ni kweli kwamba viungo navyo hutumiwa na matapeli, kama tutakavyoona hapa chini. Hata hivyo, mazoea ya kufungua kila faili linaloletwa ni mazoea mabaya kwa mwalimu.

KIUNGO NI NINI?

Kiungo ni anwani. Waraka wenyewe hukaa katika kompyuta inayotunza mafaili, ambayo aghalabu ni ya kampuni inayotoa huduma hiyo, na mwalimu huwapelekea wenzake anwani ya mahali hapo. Wazo la anwani za namna hii lilitokana na kazi ya Tim Berners-Lee, aliyependekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Kuanzia mwaka 2006 Google ilianza kutoa huduma ya kuandikia nyaraka ndani ya wavuti, ambamo watu kadhaa huweza kuufungua waraka mmoja kwa wakati mmoja. Zipo pia huduma nyingine za namna hiyo, kama vile Dropbox na OneDrive.

Mfano ulio karibu na mwalimu ni ubao wa matangazo. Mwalimu mkuu anaweza kumpa kila mwalimu nakala ya ratiba, na anaweza kubandika ratiba moja ubaoni na kusema, “Ratiba iko ubaoni.” Maneno hayo ndiyo kiungo. Ratiba ikibadilika, mwalimu mkuu hubadilisha ile moja, na kila aendaye kuitazama huikuta iliyo sahihi. Hakuna haja ya kuwakimbilia walimu kumi ili kuwanyang’anya nakala za zamani.

Lakini kiungo kinaupita ubao wa matangazo kwa jambo moja kubwa. Ubao hauchagui msomaji: kila apitaye husoma. Mahali unapokaa waraka wa kiungo panaweza kuwekewa mlango, kufuli na bawabu mwenye daftari. Sehemu mbili zinazofuata zitaeleza kufuli hilo na daftari hilo.

MAMLAKA YA MWENYE WARAKA

Mwalimu anayetumia kiungo hana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kukipeleka.

Kwanza, nani aingie? Katika huduma nyingi kuna namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni kuandika anwani za barua pepe za watu wanaoruhusiwa, na mtu asiyekuwamo hufungiwa nje hata kama kiungo anacho. Namna ya pili ni kumruhusu yeyote mwenye kiungo. Hii ya pili ni rahisi, na kwa sababu hiyo hupendwa, lakini mwalimu akumbuke kwamba kiungo cha namna hii ni kama ufunguo usio na jina. Aliyepewa huweza kumpa mwingine, na huyo akampa wa tatu, na mlango utawafungukia wote. Kwa tangazo la mkutano wa wazazi namna ya pili inatosha. Kwa orodha ya alama au taarifa za afya haifai hata kidogo.

Pili, aingiaye afanye nini? Katika nyaraka za Google, kwa mfano, mtu huweza kupewa nafasi ya mtazamaji, ya mtoa maoni, au ya mhariri. Mtazamaji husoma tu. Mtoa maoni huandika ushauri wake pembeni bila kugusa maandishi yenyewe. Mhariri hubadilisha. Mgawanyo huu unafaa sana kwa kazi za chuoni. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha anaweza kumpa mkufunzi wake nafasi ya mtoa maoni katika andalio la somo. Mkufunzi ataeleza kwamba malengo hayapimiki au kwamba zana hazitoshi, na kazi ya kusahihisha itabaki kwa mwanachuo, maana yeye ndiye anayejifunza.

Tatu, mpaka lini? Ruhusa iliyotolewa huweza kuondolewa. Baadhi ya huduma, hasa zile za kulipiwa, huruhusu hata kuweka tarehe ambayo kiungo kitajifunga chenyewe. Tuseme walimu wa shule tano wanatunga pamoja mtihani wa majaribio. Wakati wa kutunga, wote ni wahariri. Mtihani ukikamilika, wanaondolewa wote isipokuwa mmoja aliyekabidhiwa dhamana ya kuuchapisha. Kwa njia hii idadi ya milango ya kuvujisha mtihani inapungua kadiri siku ya mtihani inavyokaribia. Kwa viambatisho mambo huwa kinyume: kila siku nakala huongezeka.

Kwa jumla, mwalimu aanze na ruhusa iliyo ndogo kabisa inayotosha kwa kazi, kisha aipanue pakihitajika. Kutoa ruhusa kubwa na kuipunguza baadaye ni kufunga zizi ng’ombe wakiwa malishoni.

KUFUATILIA: FAIDA YAKE NA MPAKA WAKE

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waraka ulio mahali pamoja huweza kuwa na daftari lake. Jambo la kwanza linaloandikwa humo ni historia ya mabadiliko: nani alibadilisha nini na saa ngapi, na maandishi yalikuwaje kabla ya hapo. Mwalimu mmoja akifuta kwa bahati mbaya safu nzima ya alama, toleo la jana linaweza kurudishwa. Kwa sababu hii pekee, kundi la walimu wanaojaza jedwali moja hupata usalama ambao faili linalozungushwa kutoka simu hadi simu haliwezi kuwapa.

Jambo la pili ni habari za ufunguzi. Katika baadhi ya akaunti za kazi na za shule, mwenye waraka huweza kuona ni akina nani walioufungua. Zipo pia huduma maalumu za kibiashara zinazoonyesha mpaka kurasa zilizosomwa na muda uliotumika katika kila ukurasa. Mwalimu mkuu akiona kwamba walimu wanane kati ya kumi wamefungua waraka wa utaratibu mpya wa mitihani, anajua ni akina nani wawili wa kuwafuata na kuwaeleza kwa mdomo.

Hata hivyo, daftari hili lisomwe kwa busara. Kufungua si kusoma, na kusoma si kuelewa. Mwalimu anayefundisha anajua jambo hili barabara: mwanafunzi aliyefungua kitabu ukurasa wa 12 huenda anatazama dirishani. Isitoshe, mitambo inayokagua usalama wa barua pepe wakati mwingine hufungua viungo yenyewe kabla mtu hajavigusa, na hivyo hesabu ikaonyesha msomaji asiyekuwapo. Tena, kiungo kikiwa wazi kwa yeyote, daftari halina majina. Katika nyaraka za Google msomaji asiyejulikana huonyeshwa kwa jina la mnyama tu. Mwalimu akiona kwamba mamba au popo amefungua orodha yake, hajui kama ni mzazi, mwanafunzi au mpita njia.

Lipo pia suala la adabu. Kumfuatilia mtu bila kumwambia si uungwana. Ikiwa shule itatazama ni akina nani waliofungua taarifa, wazazi na walimu waambiwe hivyo, na waelezwe sababu yake. Wala habari hizo zisiwe fimbo. Mzazi ambaye hakufungua kiungo huenda hana kifurushi, au simu ya nyumbani ni moja na imekwenda safarini na mwenziwe. Alama ya “hajafungua” iwe mwanzo wa kumtafuta kwa njia nyingine, isiwe mwanzo wa kumlaumu.

MAMBO AMBAYO KIUNGO HAKIWEZI

Itakuwa kosa kumfanya mwalimu mwanafunzi aamini kwamba kiungo ni dawa ya kila ugonjwa. Yapo mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza, kiungo kinahitaji mtandao kila kinapofunguliwa. Ilhali kiambatisho kikipakuliwa mara moja husomwa hata porini, waraka wa kiungo, usipohifadhiwa mapema kwa matumizi ya nje ya mtandao, haupatikani pale mawimbi yanapokatika. Mwalimu wa shule isiyo na mtandao asiende darasani akitegemea kiungo peke yake.

La pili, kufunga mlango hakuondoi kilichokwisha kutoka. Aliyepakua waraka kabla ruhusa haijaondolewa bado anao. Huduma nyingine huweza kuzuia kupakua na kuchapa, lakini hakuna kizuizi kinachomzuia mtu kupiga picha ya kioo cha simu kwa simu nyingine. Kwa hiyo kiungo hupunguza hatari bila kuimaliza, na siri kubwa zaidi hulindwa na uaminifu wa watu wanaopewa.

La tatu, kiungo kina mwenyewe, na mwenyewe akiondoka waraka huweza kuondoka naye. Nyaraka za shule zikiwekwa katika akaunti binafsi ya mwalimu mmoja, akihamishwa, akistaafu au akifariki dunia, shule hupoteza kumbukumbu zake. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa na utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazikutumika kwa miaka miwili. Ni vema basi nyaraka za shule ziwe katika akaunti ya shule, nywila yake itunzwe na ofisi, na zilizo muhimu zaidi zichapwe na kuwekwa katika jalada kama ilivyokuwa zamani.

La nne, matapeli nao hupeleka viungo. Kiungo kinachomtaka mwalimu aandike nywila au namba ya siri ya kutolea fedha, hata kikija kwa jina la mtu anayemfahamu, kithibitishwe kwanza kwa kumpigia simu mhusika.

NJIA IPI ITUMIKE WAPI?

Kutokana na maelezo hayo, mwalimu anaweza kujiwekea utaratibu ufuatao.

Waraka unaobadilika mara kwa mara na kutumiwa na wengi, kama vile azimio la kazi, ratiba, au jedwali la alama linalojazwa na walimu kadhaa, uwekwe mahali pamoja na kupelekwa kwa kiungo.

Waraka wenye habari za watoto uwekwe kwa kiungo chenye majina ya wanaoruhusiwa tu. Mzazi apewe habari za mtoto wake peke yake. Hili si suala la hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya, zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na azitumie kwa kusudi lile lililofanya zikusanywe.

Waraka uliokamilika usiobadilika tena, kama barua rasmi iliyotiwa sahihi, au maandishi ya kusomwa mahali pasipo na mtandao, unafaa kupelekwa kama kiambatisho. Nakala isiyobadilika ndiyo inayotakiwa hapo.

Na pale ambapo wazazi wengi hawana simu janja, karatasi aliyopewa mtoto mkononi, au neno katika mkutano wa kijiji, bado ndiyo njia bora.

KUIFUNDISHA DHANA HII DARASANI

Dhana ya nakala na anwani huweza kufundishwa kwa wanafunzi wa darasa la tano au la sita kwa kipindi kimoja, bila kompyuta. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi, gundi au pini, na daftari moja.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aligawe darasa katika makundi mawili. Awasomee kundi A tangazo fupi: “Mashindano ya kukimbia yatafanyika Jumatano saa 2 asubuhi.” Kila mwanafunzi wa kundi A aliandike na kukaa na nakala yake. Kwa kundi B, mwalimu abandike tangazo hilo hilo ukutani upande wa nyuma, na kila mwanafunzi apewe kipande cha karatasi chenye maneno haya: “Tangazo liko ukutani karibu na dirisha.” Mwanafunzi mmoja awe karani. Asimame karibu na tangazo akiwa na orodha ya majina ya kundi B, na aandike katika daftari jina la kila ajaye kusoma.

Hatua ya pili. Mwalimu abadilishe kimya kimya neno “Jumatano” lililo ukutani liwe “Alhamisi”. Kisha aulize makundi yote mawili siku ya mashindano. Kundi A litajibu Jumatano kwa uhakika kabisa. Wale wa kundi B watakaokwenda kutazama tena watajibu Alhamisi. Wanafunzi wenyewe waeleze sababu ya tofauti hiyo.

Hatua ya tatu. Mwanafunzi mmoja wa kundi B ampe rafiki yake wa kundi A kile kipande cha karatasi. Rafiki huyo aende ukutani. Karani atazame orodha yake na kumzuia. Kisha mwalimu amwambie karani aiweke orodha kando, na rafiki aende tena. Hapo darasa litaona tofauti kati ya mlango wenye majina na mlango ulio wazi kwa kila mwenye anwani.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo ya maana zaidi. Kabla ya kipindi mwalimu awe amemwagiza mwanafunzi mmoja wa kundi B alinakili tangazo katika daftari lake atakapokwenda kulisoma. Sasa mwalimu alibandue tangazo na kuuliza, “Je, kuna mtu anayeweza kulisoma tangazo hili sasa?” Yule mwenye daftari ataonyesha nakala yake. Wanafunzi watajifunza kwa macho yao kwamba kuondoa waraka ukutani si kuuondoa duniani, na kwamba picha au neno wanalompelekea mwenzao kwa simu huenda lisirudi kamwe.

Katika kufunga kipindi, mwalimu asome majina yaliyo katika daftari la karani na kuuliza kama kila aliyeandikwa alilielewa tangazo. Majibu yatatoa nafasi ya kujadili tofauti kati ya kufika na kuelewa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kiambatisho hugawa nakala, na kiungo hugawa njia ya kuufikia waraka mmoja. Kiungo humwezesha mwenye waraka kuusahihisha, kuchagua wasomaji, kuondoa ruhusa na kutunza kumbukumbu. Hakiwezi kufuta kilichonakiliwa, wala kufanya kazi pasipo mtandao, wala kuchukua nafasi ya busara ya mwalimu. Mwalimu mwanafunzi anayejizoeza kuuliza “nani, afanye nini, mpaka lini” kabla ya kubonyeza neno “tuma” atakuwa amejifunza jambo litakaloendelea kumfaa hata huduma za leo zitakapokuwa zimetoweka na nyingine zimeshika mahali pake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja nyaraka tano zinazotumika katika shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Kwa kila moja, eleza ni njia ipi ifaayo kuipeleka, na kwa sababu gani.

2. Mwalimu wa darasa amepeleka alama za wanafunzi wote katika kundi la wazazi kwa kiungo kilicho wazi kwa yeyote. Ni hatua zipi anazoweza kuchukua sasa, na ni yapi ambayo hawezi kuyarekebisha?

3. Je, ni haki kwa mwalimu mkuu kufuatilia ni walimu gani waliosoma nyaraka zake? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Andaa andalio la somo la dakika 40 ukitumia hatua nne zilizoelezwa hapo juu, ukizibadilisha zifae mazingira ya shule yako.